Udahili wa vyuo usiwe kwa lumbesa

Kijana aliyesoma shule ya kata huko Makete, isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia kwa miaka miwili, akafika kidato cha sita akapata pointi 9, na mwenzake aliyepata pointi 9 baada ya kusoma shule ya kulipia tangu chekechea, hawakufanya kazi sawa. Mfumo wetu wa udahili wa vyuo vikuu Tanzania hauna mahali pa kuliandika hilo. Linaniuma, maana nafundisha kemia kidato cha tano na sita huku Nyanda za Juu Kusini, na kila matokeo yakitoka nawaona vijana wamejaa kwenye steshenari za Mwanjelwa wakiomba vyuo, na najua ni nani kati yao atakayekosa kozi anayoiweza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Sifa ya chini ya kusoma shahada ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, na kozi kama udaktari zina masharti yake ya ziada. Lakini kuwa na sifa si kuchaguliwa. Kozi inayogombewa huwapanga waombaji kuanzia wa juu na kushuka mpaka nafasi ziishe, na aliyeachwa haambiwi alipungukiwa nini.

Hata hivyo, pointi nazitetea. Msahihishaji wa Baraza la Mitihani (NECTA) anaona namba ya mtahiniwa, haoni jina la baba yake. Mtoto wa mkulima wa viazi wa Isyonje na mtoto wa mkuu wa idara wanasahihishiwa kwa mwongozo mmoja. Ndiyo maana nashtuka nikisikia wasomi wenzangu wakisema tuige vyuo vikubwa vya Marekani, vinavyosoma insha, barua za walimu na maisha yote ya mwombaji kabla ya kuamua.

Tujue kwanza vinavyofanya. Harvard, kimojawapo cha vyuo hivyo, huchukua waombaji wasiofika 5 katika kila 100. Faili husomwa na maofisa, mwombaji hupewa alama za masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na haiba, kisha kamati hukaa na kupiga kura. Wengi wa wanaokataliwa wana alama za kutosha kabisa. Kamati haitafuti waliofaulu peke yao. Inaunda darasa inalolitaka: mpiga fidla, mpiga makasia, mtoto wa jimbo la mbali, na pia mtoto wa aliyesoma hapo zamani au wa mfadhili.

Mtindo huo haukuzaliwa kwa huruma. Miaka ya 1920 wanafunzi Wayahudi walikuwa wanafaulu kwa wingi mitihani ya kuingia Harvard, na rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, alitaka wasizidi asilimia 15. Kiwango cha wazi kilipopingwa, chuo kikageukia kupima tabia na haiba. Karibu miaka mia baadaye, kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2023 ilionyesha kuwa waombaji wenye asili ya Asia walikuwa wanapewa alama za chini za haiba na maofisa ambao kwa kawaida hawakuwa wameonana nao. Mwaka huohuo wachumi wakiongozwa na Raj Chetty walionyesha kuwa watoto wa familia za asilimia 1 ya juu kabisa kwa kipato wana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia vyuo hivyo kuliko watoto wa familia za kati wenye alama zilezile za mtihani.

Huku kwetu mkulima anaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Anayeshona gunia likaota kichwa ni mnunuzi, na mwenye viazi hana mzani wa kumbishia. Alama ya haiba ni lumbesa ya udahili: anayepima ndiye anayeamua kipimo, na anayepimwa hana pa kwenda kuhakikisha.

Na sisi tulishawahi kujaribu kuchagua watu kwa barua. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka anayemaliza kidato cha sita aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa njema: msomi asijitenge na wananchi. Lakini barua ile ilimpa bosi na katibu wa tawi mamlaka juu ya maisha ya kijana, na idadi ya wanawake vyuoni ilishuka mpaka ikabidi waondolewe sharti hilo.

Kwa hiyo ninachotaka si insha wala barua. Nataka mazingira aliyosomea mtoto yahesabiwe kwa kanuni iliyoandikwa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kanuni ambayo mzazi wa Rungwe anaweza kuisoma na kumpigia hesabu mwanawe. Brazil ilifanya hivyo: sheria ya mwaka 2012 ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma sekondari za umma, nao wanashindanishwa wenyewe kwa wenyewe. Texas nayo mwaka 1997 ilitunga sheria ya kuwahakikishia nafasi katika vyuo vya jimbo wanafunzi wa asilimia 10 ya juu wa kila sekondari, iwe ya mjini au ya kijijini. Wachumi waliofuatilia wanafunzi walioingia kwa mlango huo waliona walinufaika na walimaliza masomo, na waliokosa nafasi kwa ajili yao hawakuharibikiwa. Nawaambia hivyo wanaohofia kwamba tutashusha viwango.

Kwetu kanuni hiyo haihitaji hata fomu mpya. Shule ya kidato cha sita haitufai sana kama kipimo, kwa sababu serikali humpangia mtoto kidato cha tano popote nchini. Aliyepo Mbeya huenda katoka Ilala. Shule ya kidato cha nne ndiyo inayosema ukweli, na namba ya mtihani wa kidato cha nne kila mwombaji huijaza tayari, ikiwa na namba ya kituo ndani yake. Chuo kama MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hapa Iyunga, au Mkwawa kule Iringa, kinaweza kutenga sehemu ya nafasi za kozi zinazogombewa kwa waliotoka shule za kata, kuwapanga kwa pointi zao, na kutangaza sehemu hiyo mapema.

Na kila raundi ikiisha, chuo kitoe hadharani pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa katika kila kozi, kwa kila mlango: ule wa wote na ule wa shule za kata. Nikiwa na orodha hiyo Agosti, naweza kukaa na mwanafunzi wangu tukachagua kozi kwa takwimu badala ya uvumi, na akiachwa ilhali ana pointi zinazomzidi aliyechukuliwa, ana karatasi ya kukatia rufaa.