Kiko cha Mshenga

Rafiki yangu amekwisha kurusha ujumbe wake wa sauti katika kundi la kamati ya harusi, na kutoka humo umesafiri hadi kwa watu wa Tanga nisiowafahamu, ambao tangu asubuhi wananiuliza kama ni kweli nilikunywa wino mbele ya wakwe. Sikunywa wino. Nilivuta kiko. Naandika haya kwa kidole kimoja kwa sababu vingine bado nimeviloweka katika mafuta ya taa, na nawaomba ninyi mlioanza kucheka kabla sijafika popote mjizuie kidogo.

Kwamba niliteuliwa kuwa mshenga wa mpwa wangu huko Tabata, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba shemeji yangu alirudi kutoka Ujerumani na kopo la tumbaku ya manukato, yenye vanila na cheri, ambalo ukilifungua unadhani umesimama mlangoni mwa tanuri la keki. Nikawaza kwamba mshenga anayetoa moshi mtamu taratibu, huku akiyapima maneno yake, hawezi kutajiwa mahari ya ovyo. Kilichokosekana ni kiko.

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Upanga, baharia mstaafu, ambaye ana viko vingi kuliko viatu. Baada ya shikamoo na marahaba aliichukua tumbaku yangu, akaibonyeza kati ya vidole viwili na kutikisa kichwa.

"Hii imelowa, mwanangu. Imetiwa sukari, imetiwa manukato, kisha ikatiwa na dawa ya kuizuia isikauke. Ikiungua hutoa mvuke mwingi. Ukiivuta kwa pupa itakubabua ulimi, na maji yake yatakufuata mdomoni."

Kwa hiyo, alisema, tumbaku ya namna hii inataka kiko chenye kuta nene, cha mti unaohimili moto na kunyonya unyevu, na chenye mrija ulionyooka, ili kijiti cha kusafishia kipite hadi chini bila kuuchomoa mrija kiko kikiwa bado cha moto. Mti unaosifika kwa kazi hiyo ni braya, yaani uvimbe unaoota kati ya shina na mizizi ya kichaka cha nchi za Mediterania. Wajerumani wengi huongezea kichujio cha mkaa chenye upana wa milimita 9. Kisha akanionyesha, bila kuniruhusu kukigusa, kiko cheupe cha jiwe la mershaumu, lile lililokuwa likichimbwa Sinya, karibu na mpaka wa Kenya, na kuchongwa viko mjini Arusha tangu enzi za Tanganyika. Chake kilikuwa na alama ya tembo. Hicho, alisema, hakitiwi tumbaku ya manukato, kwa kuwa jiwe hunyonya harufu na cheri yako ingebaki humo kwa miaka.

"Kama huna fedha ya braya," alimalizia, "chukua cha gunzi la hindi. Wamarekani wa mji wa Washington, huko Missouri, wanavitengeneza tangu 1869. Kinanyonya maji vizuri, ni chepesi, na kikichakaa unakitupa."

Jamani, gunzi! Mniambie wenyewe, mshenga aketi mbele ya wajomba wa binti akiwa ameng'ata kitu ambacho mbuzi wa jirani wamekikataa?

Nilimshukuru mzee, nikaondoka, na kando ya barabara nikakutana na banda la vinyago lililokuwa na kiko cheusi tii, kikubwa, chenye kichwa cha simba na mrija uliopinda kwa madaha. Muuzaji aliapa kwamba ni mpingo. Mzee alikuwa amenionya pia kuhusu mpingo, kwamba una mafuta, haunyonyi kitu, unafaa klarineti, ile ala ya kupuliza, kuliko moto, na kwamba ule wa kweli ukiutia majini huzama. Lakini pale hapakuwa na ndoo, na simba yule alikuwa ananitazama.

Sasa tufike barazani, mahali ambapo rafiki yangu anapaeleza vibaya.

Mikupuo ya kwanza ilikwenda salama kabisa. Harufu ilienea, akina mama wakachungulia kutoka jikoni, na mjomba wa binti, aliyevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, akasema, "Mashallah, unanukia." Ndipo kiko kilipoanza kukoroma. Maji yalikuwa yamejaa kwenye ule mpindo wa madaha, na kijiti cha kusafishia hakikuweza kupita. Wakati huohuo simba alianza kuniteleza mkononi. Nilidhani ni jasho, kwa kuwa mnalijua joto letu, nikakihamishia kiko mkono wa pili, nikajipangusa paji la uso, nikajipangusa na chini ya pua. Vanila ikaanza kuchanganyika na harufu nyingine, ambayo niliitambua lakini sikutaka kuitambua: harufu ya kibanda cha fundi viatu.

Mtoto mmoja aliyeketi mkekani akauliza kwa sauti, "Bibi, mbona huyu babu ameota masharubu sasa hivi?"

Hakuna aliyemjibu. Nilishika bahasha ya barua ya posa kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, nikainama kuikabidhi, na kwa kuinama huko yale maji yote ya mpindoni yakaniingia mdomoni, ya moto, machungu, yenye utamu wa cheri kwa mbali. Kutema mbele ya wakwe haiwezekani. Kumeza nilijaribu, koo likakataa. Na ni sekunde hiyohiyo ambayo mjomba alichagua kuniuliza, kwa heshima zote, "Haya mshenga, katika bustani hii mmeliona ua gani?"

Mashavu yamejaa, macho yananitoka. Nikatikisa kichwa. Mjomba akalichukua lile kuwa ni unyenyekevu, akasimama, akafungua mikono yake miwili na kunijia. Nilitaka kumwonya. Niliinua viganja ili kumzuia, na hapo ndipo nilipoviona kwa mara ya kwanza, vyeusi kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kucha, lakini mjomba alikuwa amekwisha kunikumbatia, na viganja vyangu havikuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa mgongoni mwake.

Nikameza.

Mengine ni mafupi. Rafiki yangu ndiye aliyelitaja ua, kwa hiyo sasa anajiita mshenga. Simba aliwekwa kwenye ndoo akaelea. Ni mti mweupe wa kawaida uliopakwa kiwi nyeusi mpaka ndani ya kichwa. Kopo la tumbaku bibi wa binti amelichukua na kuliweka kwenye kabati la nguo, na anasema linanukia kuliko udi wa dukani.

Posa imekubaliwa. Orodha ya mahari imeletwa jana, na mwishoni, kwa kalamu nyingine, pameongezwa kanzu moja nyeupe, ambayo kamati imeamua kwamba itatoka mfukoni mwangu. Mjomba anavaa namba 58, na amesisitiza iwe ya Oman.