Aliyefungwa Analipa

Dada yangu alinipigia simu Jumapili moja mchana, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa amebaki na hasira tu. "Kaka, njoo uongee na mwanao." Mwanao hapo ni mwanawe mwenyewe, mpwa wangu, yuko kidato cha pili. Kosa lake: usiku alichukua simu ya mama yake akanunua almasi za shilingi 14,000. Si almasi za mgodi wa Mwadui. Za kwenye gemu.

Nikapanda daladala nikiwa na mhadhara tayari mdomoni. Kabla sijashuka nikagundua kuwa mhadhara wenyewe nimeurithi kwa marehemu mama, neno kwa neno, na kwamba mimi haukuwahi kunifaa kitu.

Nimekulia Tandika, Dar es Salaam. Jirani na kwetu kulikuwa na banda la mabati lenye TV mbili za chogo, na PlayStation 2 iliyochokonolewa na fundi ili isome CD za kunakili. Tulicheza Winning Eleven, gemu la mpira, toleo la Kijapani, na yule mtangazaji akipayuka kwa Kijapani tulimwiga wote bila kuelewa hata neno moja. Mechi dakika kumi, shilingi mia. CD ikigoma inasuguliwa kwa dawa ya meno na kipande cha fulana kuukuu. Pedi moja kitufe chake cha kupigia shuti kilikuwa kimelika hadi kikazama, kwa hiyo wageni ndio waliopewa hiyo. Sheria zilikuwa mbili na hazikuandikwa popote: anayeshinda anabaki, aliyefungwa analipa.

Piga hesabu ya sheria hizo mbili. Fundi wa gemu anaingia na shilingi mia na kutoka nayo jioni. Mbovu anacheza dakika kumi, analipa, kisha anakaa kwenye benchi saa nzima akisubiri zamu irudi, kama ana mia nyingine. Mimi nilikuwa wa katikati kuelekea chini, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya gemu niliitumia bila kushika pedi. Nilikaa. Nilitazama, nikatoa ushauri usioombwa, nikaambiwa ninyamaze. Wazazi waliokuwa wakisema tunashinda tunacheza gemu kutwa walikosea kidogo. Tulishinda tunasubiri.

Kisha ukaja mgao wa umeme wa 2006, mvua zilipokosekana na maji ya bwawa la umeme la Mtera kupungua. Umeme unakatika dakika ya 80, mmoja anaongoza mbili kwa moja. Nani analipa? Nimeona watu wakishikana mashati kwa swali hilo. Mwenye banda alikuja na hukumu yake: mechi irudiwe, bure, lakini aliyekuwa anaongoza aachiwe bao la kwanza, mwenzake aweke mikono chini mpaka lifungwe. Nimekaa vikao vya mirathi vya ukoo wetu zaidi ya vitatu na sijasikia hukumu ya haki kuizidi ile.

Katika siku hizo za mgao ndipo mama alinituma mafuta ya taa. Nilipita bandani "kuchungulia tu". Chupa ilikuwa miguuni pangu na pesa ya mafuta ikiwa mfukoni, pungufu ya mia mbili, wakati banda lote liliponyamaza ghafla. Sikugeuka, nilikuwa nasaka bao. Mama alisimama nyuma yangu muda ambao mpaka leo siujui. Filimbi ya mwisho ilipolia akauliza, "Nani kashinda?"

"Mimi, mama."

"Haya. Simama sasa."

Kilichofuata kinahusu ndala na hakina haja ya maelezo. Lakini lile swali limenikaa. Mwanamke ambaye hakuwahi kugusa pedi alijua kwamba mechi ina mwisho, na akausubiri.

Sasa turudi kwa mpwa. Nilimwambia anionyeshe hilo gemu. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu anayeombwa kuonyesha alipoficha maiti, halafu akakaa karibu. Wanashushwa kisiwani kwa parachuti, wanaokota bunduki, wanauana mpaka abaki mmoja. Mpwa wangu ni hodari, vidole vyake sikuweza hata kuvifuatilia. Baada ya kufa, na mimi baada ya kufa mara sita, nikamuuliza lile swali la kizee:

"Hili linaisha lini?"

"Haliishi, mjomba."

Alisema kwa fahari. Mimi nikaona ndipo ugomvi wetu wote ulipo, na kwamba sisi watu wazima tumekuwa tukiugombana mahali pengine. Tunauliza kama gemu ni kupoteza muda au si kupoteza muda, na kila upande una mifano yake, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Swali langu mimi sasa ni moja: lina mwisho, au halina?

Chukua bao. Mashimo 32, kete 64, watu wawili na wengine wanane wamewazunguka wakijifanya wanajua zaidi. Nani amewahi kuitisha kikao cha familia kwa sababu mzee anacheza bao kuanzia alasiri hadi magharibi? Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao na hatujasikia akilaumiwa kwamba nchi inamsubiri. Si kwamba bao ni la heshima na gemu ni la kihuni, maana kero na matusi ya kwenye bao yanajulikana. Ila mstari wa mbele ukiisha kete, umefungwa. Kwisha. Unaweza kudai marudio, lakini lazima udai, lazima mwenzako akubali, na adhana ikilia kila mtu anasimama.

Hapa mtetezi wa gemu ataniletea utafiti. Upo, na mashuhuri ni ule uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wa madaktari 33 wanaofanya upasuaji kwa kamera na matundu madogo. Waliokuwa wamewahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 kwenye mazoezi ya upasuaji huo, na walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 27. Vizuri. Lakini hao walikuwa madaktari tayari, walishasoma kile kisichosomeka bandani. Na huenda mtu mwenye mkono mwepesi ndiye anayependa gemu tangu mwanzo, si gemu lililoufanya mkono wake uwe mwepesi. Zaidi ya yote sipendi utetezi huu kwa sababu ni wa mtu mwenye hatia. Mtoto akicheza mdako hatumwambii athibitishe kwamba mdako utamfaa kazini. Akicheza kwa furaha, inatosha.

Kuna kijana wa miaka 13 wa Oklahoma ambaye mwezi Desemba 2023 aliifikisha Tetris ya Nintendo mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kuifikisha. Tetris ilitungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, nayo haina ushindi: matofali yanashuka, unapanga, kasi inazidi, mwisho unazidiwa. Kijana alipanga kwa dakika kama 38 hadi levo ya 157, na mashine yenyewe ikaganda. Miaka mingi watu waliamini mchezaji hawezi kuvuka levo ya 29, na huyu akaukuta mwisho wa mashine yenyewe. Mtangazaji mmoja wa televisheni ya Uingereza, akiisoma habari hiyo, akamshauri atoke nje akapate hewa, kwamba kumaliza Tetris si lengo la maisha.

Nilikereka. Mtoto wa umri ule angeshinda mashindano ya sataranji, ambayo nayo huchezwa ndani umekaa kitako, angepongezwa na kuulizwa siri ya mafanikio. Dharau yetu haiko kwenye muda uliotumika. Iko kwenye skrini.

Sasa mtaniambia najigonga: Tetris haiishi na naitetea. Inaisha. Inakuua, kila mara, na kukuachia alama zako. Hata yule nyoka wa kwenye Nokia 3310, uliyemcheza kwenye simu ya baba kabla hajaamka, alikuwa akijing'ata mwenyewe na kufa, na baada ya hapo kuna ukimya. Ukimya ule ndio nafasi ya mtu kusikia kwamba anaitwa.

Gemu la mpwa wangu limeondoa ukimya. Nilikaa nalo jioni ile nzima kama mkaguzi wa hesabu. Ukifa unaonyeshwa mara moja ulichokaribia kupata. Kuna zawadi ya kila siku, na ukiruka siku moja imekupita. Kuna msimu, na msimu ukiisha cheo chako kinashushwa, upande tena. Kulicheza ni bure, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kitu cha bure hakina mahali pa kusema umemaliza kulipa. Bei zenyewe hazisemwi kwa shilingi. Unanunua almasi kwa shilingi, halafu unanunua shati la mwanasesere kwa almasi, na katikati hapo akili ya mtoto inapoteza hesabu. Ya mtu mzima pia, mimi nilihitaji kikokotoo. Kuna na masanduku ya bahati: unalipa kabla ya kujua utapata nini. Ubelgiji mwaka 2018 waliyatazama masanduku ya aina hiyo wakasema hii ni kamari, yaondolewe. Niliposoma nikasema, kumbe kuna watu wanaoona.

China wao walikwenda kwa nguvu. Tangu Septemba 2021 mtoto aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu la mtandaoni saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ni kali mno kwa ladha yangu, na mtoto atatafuta kitambulisho cha bibi yake. Lakini naielewa mantiki. Mtengenezaji ameng'oa mwisho, serikali inajaribu kuurudisha kwa nyundo. Kwetu Tandika hatukuhitaji nyundo. Mwisho ulikuwa ni shilingi mia kuisha.

Dada yangu alikuwa amesikia kwamba gemu siku hizi ni ugonjwa. Nikamwambia ndiyo na hapana. Shirika la Afya Duniani limeliingiza tatizo la gemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini haliiti ugonjwa kila kichwa kilichoinama kwenye simu. Linasema ni pale mtu anaposhindwa kujizuia, gemu linapotangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata likimharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mpwa wangu bado anakula na kuoga, na somo la Historia analipenda. Ana tabia mbaya ya kuchukua pesa, na hiyo tunajua dawa yake tangu enzi: atazirudisha zote 14,000, kwa kufua na kuchota maji.

Nisilipambe banda kupita kiasi. Darasani Hesabu zilinishinda, na siwezi kuapa kwamba benchi lile halikuchangia. Tulikuwa tukiwekeana pesa juu ya mechi, mwanzo chipsi, baadaye noti. Siku hizi naona baadhi ya mabanda yameweka mashine za kamari pembeni, za kutumbukiza sarafu, na watoto wa sare wanasimama mbele yake. Hayo hata yakifungwa kesho sitaandika makala ya kuyatetea.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua mpwa tukatafuta banda. Lipo moja bado, TV ni bapa sasa na PlayStation ni ya nne, mechi shilingi 500. Foleni ilikuwa ya watu wanne. Dakika tano za kwanza alikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Ya sita akaanza kumwambia kijana wa mbele yetu kwamba beki wake wa kulia anapanda sana. Akaambiwa anyamaze. Akacheka.

Zamu yetu ilipofika alinifunga nne bila. Nikalipa. Yeye akabaki, akafungwa na mtoto wa kama miaka kumi aliyekuwa akicheza amesimama, na ikabidi nimlipie na yeye pia, ingawa nililiandika deni kwenye zile ndoo za maji.

Tulirudi kwa miguu, giza limeingia, akinieleza kwa mikono miwili jinsi yule mtoto alivyompiga chenga ile ileile mara tatu. Karibu na kwao akasimama chini ya taa ya duka, akatoa simu.

"Subiri kidogo mjomba. Nachukua zawadi ya leo, isije ikanipita."