Mzee Anataka Kutumia Senti

Nimeacha ukalimani. Kuanzia leo mwenye neno lake la Kizungu akalilie huko huko alikolisikia. Nimeandika hata karatasi ya kubandika mlangoni, ila gundi yangu imegeuka jiwe na ya dukani haishikiki kwa bei, basi natangaza kwa mdomo.

Kosa langu moja tu: zamani nilikuwa karani bandarini. Tangu hapo mtaa wetu wa Ngamiani hapa Tanga, wote wanadhani nimenyonya kwa malkia. Maelezo ya dawa ya mende, barua ya bima, ujumbe wa "umeshinda", vyote kwangu, na hakuna anayekuja hata na kashata mkononi. Juzi jirani kanibishia kwamba Boxing Day ni sikukuu ya ngumi. Nikamwambia shekhe, boksi hapo ni boksi, Waingereza walikuwa wakiwapa watumishi wao zawadi siku ya pili ya Krismasi. Akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Na nitambishiaje, kila 26 Desemba bango la pambano liko ukutani!

Lakini hayo madogo. Nina mpwa wangu, anatembeza wageni. Kizungu chake kinatosha kwa popo na mawe ya mapangoni, nje ya pango kinaanza kuchechemea. Jana kamchukua mzee mmoja wa Kiingereza kule Amboni, wakarudi mjini kwa barabara ya Horohoro wakirushwarushwa kwenye bajaji. Mimi niko barazani na wenzangu, simu ikaita.

"Shikamoo mjomba. Mzee anasema ai nidi tu spendi a peni. Ndiyo nini?"

Nikasafisha koo. Mbele ya baraza huwezi kusema hujui. Nikafafanua taratibu, ili na wenzangu wafaidi: spendi ni kutumia hela, peni ni senti yao. "Mwanangu, hela zinamwasha mzee wa watu. Mpeleke akazitumie."

Kijana mtiifu, kampeleka duka la vikoi. Simu tena. "Mjomba, vikoi hataki, anarudia maneno yaleyale, ila sasa kwa haraka." Nikamwambia, kasikilize vizuri, kasema senti, kikoi si cha senti, mtafutie vitu vidogo vidogo. Wakaenda kwa muuza kahawa. Mzee kakataa kuketi, kasimama mguu mmoja umeukumbatia mwenzake kama korongo. Mpwa akaona aibu, mgeni kukosa cha kutumia, akamnunulia mwenyewe vikombe viwili na kumsihi avimalize. Halafu dafu. Dafu jamani! Zima!

Simu ya tatu. "Mjomba, mzee anacheza."

"Anacheza nini?"

"Sijui ni ngoma gani, ila anacheza, na jasho linamtiririka."

Nikawageukia wenzangu nikasema, mnaona, kafurahi. Ndiyo Tanga hiyo, waja leo waondoka leo.

Aliyemwokoa ni yule muuza madafu, ambaye Kizungu hajui hata cha kuhesabia. Kamtazama mzee mara moja, kaweka panga chini, kamshika mkono, kamwonyesha vyoo vya nyuma ya msikiti. Wanasema mzee alikimbia kama kijana wa Coastal Union.

Alipotoka kawaeleza kwa utulivu. Eti kwao zamani choo cha umma mlango wake ulifunguka kwa kutumbukiza peni moja, basi kutumia peni ndiyo kwenda haja ndogo. Kwa adabu! Sasa adabu gani hii? Mtu amebanwa, kibofu kinapiga hodi, yeye anatoa fumbo! Sisi choo cha stendi tunalipa kila siku na hatujaligeuza nahau. Ingawa, tuseme kweli, na sisi tunakwenda "kujisaidia". Mgeni akilifasiri neno kwa neno si ataomba aje atushike mkono?

Usiku sikulala. Kila nikifumba macho naliona lile dafu.

Asubuhi hii, hata chai haijachujwa, mpwa yuko mlangoni. Kesho mzee anataka kwenda kisiwa cha Toten, nahodha kamuuliza uzito, kajibu stoni kumi na mbili. Nahodha kagoma. Anasema mtu na mashua yake hawezi kupakia mzee mwenye mawe kumi na mawili, na ayaache pwani. Nikamwambia mpwa, sifasiri, nimestaafu. Akabaki amesimama tu.

Basi nikasema kwa ukuta, si kwake: stoni moja ni pauni 14, kilo sita na ushee, mzee hafiki kilo 77, ni mwepesi kuliko nahodha mwenyewe. Akashukuru, akaondoka. Hatua tatu akarudi, anadai hela ya dafu.

Gundi, nani ana gundi?