Lori la zamani la jeshi liacheni na injini yake

Kila nikiwa pale gereji Changamwe na hili Bedford langu hakupiti muda mtu hajaja na ushauri, na ushauri wenyewe ni ule ule tu: toa hiyo injini ya petroli, tia Isuzu ya dizeli na gia boksi yake, mambo kwisha. Wanaosema hivyo si wajinga, wengi ni madereva wa trela au mafundi wenyewe, na kwa hesabu za pesa wana haki kabisa. Bedford RL ilikuja na injini ya petroli ya silinda sita, lita 4.9, na inakunywa vibaya sana, ukipata kilomita tatu kwa lita sema alhamdulillah. EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wakitoa bei kila tarehe 14 sisi Mombasa ndio hulipa chini kuliko Wakenya wengine kwa vile mafuta yashuka hapa hapa Kilindini, lakini hata hiyo nafuu mbele ya lori hili si kitu.

Mimi nakataa lakini. Na nataka niseme kwa nini nakataa, manake nishatiwa kwenye fungu la wendawazimu hata sijaulizwa.

Kwa asiyelijua, RL ni lori la jeshi la Uingereza lililoanza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuchukua nafasi ya QL, ambalo lilikuwa lori lao la wakati wa vita. Yalitengenezwa zaidi ya 70,000. Injini iko ndani ya kebini baina ya dereva na tanboi, kwa hivyo joto la Mombasa unalipata mara mbili, la nje na la kwako mwenyewe. Linavuta magurudumu yote manne, gia ni nne na kuna wenzo wa pili wa kuchagua nzito au nyepesi, na juu ya paa upande wa abiria kuna tundu la duara askari alikuwa akisimama na kutoa kichwa nje, watoto wa mtaani hilo tundu ndilo wanalolijia, lori lenyewe hawana haja nalo. Tairi zake ni 1100-20, saizi ambayo mpaka leo unaipata dukani bila kuhangaika, hapo Mungu alinionea huruma.

Sasa ukilitoa injini, ukalitoa gia boksi, halafu ekseli nayo uibadilishe kwa sababu hesabu ya gia haziwiani tena, utabaki na nini? Utabaki na Isuzu iliyovaa kinyago cha Bedford. Isuzu ni gari zuri sina ugomvi nalo, lakini kama wataka Isuzu zimejaa barabarani, nenda kanunue. Mimi sikuingia kwenye hobi hii nipate lori la kubebea mchanga. Hobi ni pesa unapoteza kwa raha zako na ndo maana inaitwa hobi, wengine wanapoteza kwa mpira na wengine kwa harusi za watu, na hakuna anayewauliza kitu.

Lakini msinielewe vibaya, mimi si wa wale wa kusema kila boliti lazima iwe ile ile iliyotoka kiwandani. Msimamo wangu ni kwamba kinachosumbua nakiacha, kinachoua nakibadilisha. Injini inasumbua. Stata inasumbua, usukani mzito kama huu bila pawa unasumbua mpaka mabega yanauma, lakini hayo hayajaua mtu. Breki ndizo zinazoua. Malori ya enzi hizo breki zake ni laini moja ya mafuta kwa magurudumu yote, paipu moja ikipasuka popote basi huna breki hata ya gurudumu moja, na mimi kila nikitoka bara lazima niteremke Mazeras kuja Miritini, katikati ya matrela ya kontena mbele na nyuma. Hapo nimetia masta silinda mpya ya laini mbili na paipu zote mpya, na mtu akija kuniambia nimeharibu uasilia wa gari namwambia apande yeye ateremke nalo.

Na mafundi wangu wa mtaani nawaomba kitu, mkifungua drami za gari la zamani msipulize lile vumbi na kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, lile vumbi ukilivuta linakaa kifuani miaka na miaka halafu ndo linaleta maradhi. Mwagia maji, futa na kitambaa kibichi, tupa kitambaa. Nimeona vijana wanapuliza huku wanacheka.

Rimu pia. Kwenye malori mengi ya jeshi la Uingereza ya wakati wa vita rimu ni vipande viwili vimebanwa kwa nati, na wao wenyewe jeshini walikuwa wakizipaka hizo nati rangi nyekundu ili mtu asije akazifungua tairi likiwa na upepo. Sasa fikiria limekuja likapakwa rangi mara nne na wenye nalo tofauti tofauti, nyekundu iko wapi? Kijana anakuja na spana ya gurudumu, anafungua nati asiyojua ni ya nini, kipande cha chuma kinamrukia usoni. Zile za ringi ya kufungia nazo si salama, ukijaza upepo simama pembeni, kamwe usiliinamie, na kama kuna kizimba cha chuma cha kulifungia tairi kitumie, kama hakuna basi lizungushie mnyororo.

Injini yenyewe nilipolipata lori ilikuwa imekwama kabisa, haizunguki. Lilikuwa limekaa upande wa Mazeras chini ya mti miaka, mbuzi wanalala chini yake. Mimi nilikuwa na haraka ya kijana, nikasema tulifunge kwenye trekta tulivute kwenye gia litaachia tu. Kuna mzee fundi pale gereji, sisi sote twamwita Babu, ndiye aliyenizuia. "Mwanangu, ukilivuta hivyo pistoni itatoka lakini ringi zitabaki humo ndani vipande vipande," akaniambia, wala hakuinua sauti. Tukafungua plagi zote sita, tukamimina dizeli imechanganywa na ATF, ile oili ya gia boksi za otomatiki, kwenye kila tundu, tukaacha. Kila nikipita namwuliza, Babu bado? Anajibu bado. Halafu siku moja akatia mtaimbo kwenye meno ya flaiwili akasukuma kidogo mbele kidogo nyuma, mbele, nyuma, si kwa nguvu, na ikaanza kusogea upana wa kucha.

Kitu kilichonimaliza mimi ni gasketi. Gasketi ya pampu ya maji ya injini hii huipati dukani, na mimi nilishaanza kutafuta mtu wa kuniletea kutoka Uingereza. Babu akachukua shiti ya karatasi ya gasketi, akailaza juu ya pampu yenyewe, akashika nyundo ya kichwa cha duara akawa anagonga taratibu kwenye ukingo, tak tak tak, na ule ukingo wa chuma ndio unaokata karatasi kutokea chini. Kwenye matundu ya boliti hakutumia mkasi wala kisu, aliweka gololi ya beringi juu ya tundu akagonga mara moja, tundu likatoka duara safi. Muda wa kunywa chai gasketi iko tayari, na haivuji mpaka leo. Sasa niambieni, ningetia Isuzu, hiyo gasketi ningenunua kwenye pakiti, na Babu angekaa pale kwenye kiti chake cha plastiki akituangalia.

Kuna wale wanaojua jua zaidi wanaokuja na hoja ya risasi, ile ya madini si ya bunduki. Wanasema injini hizi zilitengenezwa kwa petroli ya zamani yenye risasi ndani, na Kenya imeacha kuuza petroli hiyo tangu mwanzo wa 2006, kwa hivyo valvu zitakula siti zake injini ife. Hoja ina ukweli. Ile risasi ilikuwa inakinga siti ya valvu ya ekzosti isiliwe. Lakini dawa yake ipo na si siri, hedi ikishafunguliwa unaipeleka kwa wenye mashine za kukereza wanakutilia siti za chuma kigumu, mara moja tu, maisha. Na isitoshe injini hizi kompresheni yake ni ndogo, na lori lenyewe likifika kilomita sitini kwa saa nishaanza kusoma dua, siti zitalika kwa mwendo gani huo?

Adui wa kweli wa gari la zamani hapa kwetu ni chumvi. Nairobi gari linakaa nje miaka ishirini linafifia rangi tu, hapa upepo wa bahari unaingia mpaka ndani ya milango. Penye shiti mbili zimelaliana ndipo kutu inapoanzia, kwa hivyo juu waona rangi inang'aa na chini hakuna chuma. Na tatizo kubwa ni mafundi wa bodi wanaojaza fila juu ya kutu, wakapiga msasa, wakapuliza rangi, wewe ukaja ukalipa ukafurahi, baada ya masika moja yanatoka mapovu. Kutu inakatwa, jamani. Inakatwa mpaka ufike chuma kizima, unachomelea kipande kipya, unapaka praima pande zote mbili, na ndani ya chesisi unapuliza oili chafu kama wanavyofanya wazee wa malori ya mawe tangu zamani. Inanuka, inachuruzika, inafanya kazi.

Rangi nayo ilizua maneno. Rafiki zangu walitaka kijani ya jeshi na nyota na namba za uongo ubavuni, mmoja alitaka hata bunduki ya mbao pale kwenye tundu la paa. Nimekataa, limepakwa rangi ya mchanga tu. Kwanza sina hamu ya kujieleza kwenye kila kizuizi cha polisi kutoka hapa mpaka Voi. Lakini pia malori ya jeshi yana mambo yake na huku pwani tunayajua. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kenya yaliingia Mogadishu mwezi wa pili na Addis Ababa mwezi wa nne, kwa malori, na nyuma ya usukani walikuweko Waafrika wa East African Army Service Corps, kikosi cha uchukuzi cha jeshi, wengi wao humo ndimo walimojifunza kuendesha na kutengeneza magari, wakarudi nyumbani na huo ufundi. Hilo nalisimulia kwa fahari. Lakini pale Mackinnon Road, ambapo Waingereza walianza 1947 kujenga bohari kubwa ya jeshi wakaiacha njiani, baada ya hali ya hatari ya Mau Mau kutangazwa 1952 palikuwa kambi ya kufungia watu, na Manyani vile vile, na watu walipokamatwa walipakiwa kwenye malori. Kuna wazee wako hai wanaokumbuka kupakiwa. Sasa mimi nipite na bunduki ya mbao nikipiga honi, nachekesha nani?

Watu wa hobi hii Nairobi wana Concours d'Elegance yao, mashindano ya gari lililotunzwa vizuri zaidi, pale Ngong Racecourse, magari yanafutwa mpaka chini ya matairi, na ni kitu kizuri nikipata nauli huwa naenda kutazama. Huku kwetu hatuna utamaduni huo na sababu yake naijua, lori la zamani pwani halistaafu, linabeba mawe na maji na makuti mpaka linavunjika katikati, halafu linakatwa na gesi linauzwa kwa kilo. RL tupu ina zaidi ya tani nne, hesabu mwenyewe pesa za chuma chakavu. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya na milingoti ya stima, mimi nilishangilia peke yangu mtaa mzima, lakini ilipofika Mei wakafungua tena. Na kulileta jingine kutoka nje usahau, gari la zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingia. Kwa hivyo linalokatwa limekwenda.

Sasa hivi iliyobaki ni bodi ya mbao ya nyuma, mvule bei yake hainunuliki, natafuta mbao za jahazi lililovunjwa. Na kuna hoteli moja ya ufukweni ishatuma mtu anataka kulinunua wakaliweke bustanini, watoe injini, pale ndani wafanye kaunta ya juisi. Nimemwambia meneja aje Jumamosi apande tuende nalo mpaka Mariakani na kurudi, petroli juu yake.