Kabla ya kupiga marufuku gemu

Kuna mwandishi wa makala anayesema gemu za ujambazi na vita ndizo zinazowaharibu watoto wetu, hivyo serikali izipige marufuku. Sikubaliani naye. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani (APA) kilisema mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzihusisha gemu hizo na vitendo vya kikatili. Kilichoonekana ni uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Hata hilo si dogo ukiwa na watoto watatu sebuleni!

Ila tuulizane, nani aliyemnunulia mtoto gemu hizo? Grand Theft Auto V, gemu ya ujambazi, ilitoka 2013, na kasha lake linalouzwa Ulaya limeandikwa 18 waziwazi, yaani ni ya wenye miaka 18 na zaidi. Humo mchezaji anapora magari, anawapiga risasi polisi, na kuna sehemu anamtesa mtu kwa zana alizochagua mwenyewe. Halafu baba anamnunulia mtoto wa darasa la nne kwa kuwa amefaulu mtihani.

Vibanda vya gemu mtaani ndiyo balaa zaidi. Kule hakuna kasha la kusoma. Mtoto analipia muda, anacheza chochote kilichowashwa, na mzazi anajua yuko tuisheni.

Marufuku ya nini, wakati PlayStation yenyewe, ile mashine ya kuchezea gemu, ina sehemu ya kuweka umri na muda wa kucheza? Tatizo ni kwamba nyumba nyingi ninazozijua, aliyeiwasha siku ya kwanza na kuweka nywila ni mtoto mwenyewe.