Roboti Iliyoinamia Mwaka

Saa peke yake ilifanya kazi. Kihisi cha mwinamo peke yake kilifanya kazi. Ukiviweka vyote kwenye basi moja ya I2C, yaani waya mbili ambazo vifaa kadhaa huzungumzia kwa zamu, saa inarudi nyuma na roboti inatoroka mezani.

Ni roboti ya magurudumu mawili, inayosimama wima kwa msaada wa kihisi hicho cha mwinamo, MPU-6050. Moduli ya saa, DS3231, niliiongeza ili kila anguko liandikwe wakati wake, maana bodi yangu ya Linux ikizimwa na intaneti haipo, inaamka haijui tarehe. Wazo zuri, na bado nalitetea.

Nikapiga `i2cdetect -y 1`, amri inayoorodhesha anwani za vifaa vinavyoitika kwenye basi. Jedwali likatoa namba mbili: 57 na 68.

"Vifaa viwili, namba mbili," akasema mwenzangu, kashika bisibisi ingawa hapakuwa na skrubu yoyote ya kufungua. "Basi iko safi, kaka. Hizo waya ndizo mbovu."

Akabadilisha waya zote. Mpya zilikuwa na rangi nzuri zaidi.

Nikawasha. Roboti nimeishika wima kwa mkono, skrini inasema imelala kifudifudi. Magurudumu yakachachamaa kujiokoa na anguko ambalo halipo. Ikaniponyoka, ikapanda kibodi, ikaandika herufi kadhaa kwenye terminali, ikabonyeza Enter (hapo ndipo roho iliponiruka), kisha ikajitupa sakafuni. Logi ikaandika kwa uaminifu wote: ajali imetokea kabla roboti haijawashwa.

Mwenzangu akashauri tushushe kasi ya basi kutoka 400 kHz hadi 100. Tukashusha. Ikaanguka vilevile.

Basi nikachomoa kihisi nikague lehemu zake, na kwa mazoea tu nikapiga tena `i2cdetect`. 57 na 68. Kihisi kiko kiganjani mwangu, jedwali linasema vifaa ni viwili! Tukatazamana.

Kumbe 57 ni chipu ndogo ya kumbukumbu iliyobanwa kwenye moduli ya saa. Na 68 ni saa na kihisi kwa pamoja. Mwalimu anaita "Juma!" na Juma wawili wanaitika kwa mpigo, tena kwenye I2C anayevuta waya chini, yaani anayetuma sifuri, ndiye anayesikika, kwa hiyo sifuri ya mmoja inafuta moja ya mwenzake. Saa ingeendaje mbele?

Utamu zaidi uko kwenye kuseti saa. DS3231 huhifadhi mwaka kwenye rejista 0x06, kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya chipu. Kwa MPU-6050, rejista hiyohiyo ni ya marekebisho ya mhimili wa X. Nilipoandika mwaka, wote wawili walipokea amri bila kinyongo. Yaani roboti ilikuwa imeinamia mwaka.

Anwani ya DS3231 haibadiliki, lakini MPU-6050 ina pini ya AD0: ipe volti 3.3, inahamia 0x69. Nikachomeka waya mmoja tu. Jedwali likaonyesha 57, 68, 69, na roboti ikasimama.

Mwenzangu akaweka bisibisi chini. "Si nilikwambia ni waya?"