Bei ya Mombasa si bei ya shambani

Kati ya wachomaji kahawa wa Ulaya na Marekani wanaonunua moja kwa moja kwa wakulima wa maeneo yaliyotoka vitani, wapo siku hizi wanaochapisha bei waliyolipa. Ni hatua, maana zamani hata hilo halikuwako. Ila ukiisoma vizuri, mara nyingi utakuta ni bei ya FOB Mombasa, yaani kahawa ikiwa imeshapakiwa melini Kilindini. Mkulima wa Kivu, mashariki mwa Kongo, haishi Kilindini. Baina ya shamba lake na gati letu kuna zaidi ya kilomita 1,500, angalau mipaka miwili, kiwanda cha kukoboa, malori, na huko Kongo kwenyewe vizuizi vya barabarani ambapo mwenye bunduki, awe askari wa serikali au mwasi, anataka chake. Dola inayotajwa kwenye mfuko imemegwa njia nzima kabla ya kumfikia.

Upande wetu wa safari tunaujua. Kontena la futi 20 hubeba magunia kama 320 ya kilo 60. Kabla ya kupakia, kuta zake hutandikwa karatasi nene na hutundikwa vifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu kahawa mbichi hufyonza kila kitu: jasho la kontena, harufu ya mizigo ya jirani, joto la Mombasa. Inasafiri ikiwa na unyevu wa asilimia 11 au 12, na ikikwama ghalani kwa sababu ya hati moja iliyokosewa, ladha inaanza kufifia. Kuna ajenti wa forodha, mwenye ghala, mwenye meli, na tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi ziendazo Ulaya zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Chama kidogo cha wakulima hakiwezi kujaza kontena peke yake, na mchomaji mdogo wa London hana haja ya kontena zima. Lazima awepo mtu wa kati wa kuwakusanya. Anayesema amewaondoa watu wa kati amechagua wengine tu, na pengine ni wazuri zaidi.

Hilo halitoshi kuutupa mpango wote wa kununua moja kwa moja. Tazama Rwanda. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na nchi iliyotegemea zao hilo kwa fedha za kigeni ikaingia miaka ya 1990 ikiwa hoi. Kisha yakaja mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka 1999 wakulima wa Maraba, kusini mwa nchi, wajane wengi miongoni mwao, wakaunda chama cha Abahuzamugambi. Kahawa yao haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni mahali pa kuimenya na kuiosha kitaalamu. Kituo kilipojengwa na mnunuzi akaja kutoka Uingereza, buni zilezile zikaanza kuuzwa kama kahawa ya daraja la juu. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuandaa mashindano ya ubora wa kahawa ya Cup of Excellence. Kwenye meza za kuchambulia walikaa manusura na jamaa za waliofungwa kwa mauaji. Sitaki kulikuza: watu hukaa meza moja kwa sababu wanahitaji ujira, na kusameheana ni habari nyingine.

Hapo kuna hesabu ambayo wauzaji huiruka. Vituo vile, mafunzo yale ya kuonja na kupanga madaraja, vilitegemea sana fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, na wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani. Mnunuzi alikuta meza imeandaliwa. USAID ilifungwa mwaka 2025, na bado sijaona wachomaji wakipanga foleni kujenga vituo vya kuoshea kwa fedha za faida yao wenyewe.

Ng'ambo ya Ziwa Kivu hali ilikuwa ngumu zaidi. Vita vilipokata soko, wakulima wa Kongo walivusha kahawa kwa magendo usiku, kwa mitumbwi, kwenda Rwanda, na wapo waliozama. Chama cha Sopacdi, kilichoundwa 2003, kiliwapa njia ya kuuza kwao, kwa jina lao, kwa wanunuzi wa nje waliokubali kushughulika nao. Kutolazimika kuvuka ziwa usiku na gunia ni faida kubwa kuliko nyongeza yoyote ya bei.

Bei nayo hupindua mambo. Mwaka 2001 ratili ya arabika kwenye soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za dola. Februari 2025 ilipita dola 4. Katika msimu kama ule wa kwanza, mnunuzi anayeshika bei ya mkataba anaokoa kijiji. Katika msimu kama wa pili, dalali mwenye pikipiki na noti mfukoni analipa sawa na chama au zaidi, tena papo hapo, na chama kinabaki na mkataba usio na kahawa. Anayemlaumu mkulima kwa kuuza pembeni hajawahi kudaiwa karo.

Kinachonikera ni biashara ya hadithi. Mfuko wenye picha ya mjane huuzika mwaka wa kwanza, kisha mnywaji anachoka, au vita vinazuka kwingine na picha mpya, na kahawa ya Kivu inarudi kushindana kwa ladha tu. Na ladha yenyewe ina adui: ile kasoro ya kiazi inayohusishwa na mdudu antestia, ambapo punje moja hutosha kukitia kikombe kizima harufu ya kiazi kibichi. Fedha za kumpiga vita mdudu huyo zina maana kuliko mpiga picha. Mnywaji wa kahawa tungu hapa Mji wa Kale haulizi buni zimetoka wapi. Akimiminiwa kutoka kwenye dele, anaangalia tangawizi imekolea au la. Wa Berlin, huruma ikishapoa, hayuko mbali naye.

Wala si mambo ya majirani tu. Mlima Elgon kwetu Bungoma ni nchi ya kahawa, na kati ya 2006 na 2008 uliungua kwa uasi wa kundi la SLDF na operesheni ya jeshi iliyofuata. Mfuko unaouzwa kwa hadithi hiyo sijauona.

Mizani yangu inaelemea upande wa kuunga mkono ununuzi huu wa moja kwa moja, ila sipimi kwa FOB. Napima kwa fedha zinazofika kabla ya mavuno. Cheri, yaani tunda la kahawa, ikichumwa inatakiwa kumenywa siku hiyohiyo, na chama kisicho na noti kwenye mzani asubuhi kinapoteza kahawa kabla ya jua kutua. Hata hapo kuna mpaka. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji zilifunga milango, na Bukavu ikaanguka Februari. Mnunuzi mwaminifu kabisa, mwenye fedha tayari London, hakuwa tena na njia ya kawaida ya kuzifikisha kwa chama. Cheri haingoji benki ifunguliwe. Huibeba mwenye noti siku hiyo, kwa bei anayoitaka yeye.